Kiota cha Fundi Cherehani

Milola

Dada Somoe,

Shikamoo. Najua leo hutaniitikia, lakini miaka yote niliyokaa nawe sikuwahi kukuanza neno bila kukuamkia, na sioni sababu ya kuacha sasa.

Nina habari ya yule ndege wetu. Nimekaa nayo tangu mvua za mwaka jana. Nimekwenda kaburini kwako nikitaka kukuambia, nikakuta watu wanapita njia ya mtoni, nikaona haya kusema peke yangu kwa sauti. Kwa hiyo nakuandikia, kwa herufi hizi za Kiarabu alizonifundisha baba chuoni kwake Lindi, zile ulizokuwa ukisema zinafanana na sisimizi waliomwagiwa maji.

Kwanza ya nyumbani. Mume wetu Mfaume mzima, ila goti la kulia linamsumbua, na sababu yake utaijua. Ndani ya nyumba yako halali mtu, tumeweka ufuta. Ukuta wa jiko lako ulianguka upande wa kisima, tukaujenga upya. Yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha, na bado anakula kamba za kitanda. Wifi Hadija, dada yake bwana, anaendelea vizuri, na mdomo wake ni ule ule. Au niseme ulikuwa ule ule mpaka siku ya hitima yako. Nitafika huko.

Dada, wakumbuka nilivyoletwa hapa? Msichana wa mjini, sijui hata kushika jembe, mke wa pili katika nyumba ambayo mke wa kwanza hakuulizwa. Hukunichukia. Hukuwa na la kuniambia tu. Tulipikia mafiga tofauti, tukapishana uani kama watu waliokutana sokoni. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaanza kupanda, na asubuhi moja nikasikia kitu kinagonga ndani ya kile kichaka cha nyuma ya jiko lako. Tok, tok, tok, halafu kikatoa mlio mrefu wa haraka haraka, trrrrr, kikanyamaza. Nikatupa ungo nikakimbia. Nilidhani ni nyoka, au ni vile vitu visivyotajwa.

Ulicheka. Ndiyo mara ya kwanza kukuona ukicheka. Ukasema, "Huyo? Huyo ndege. Kaa hapa, nyamaza, utamwona."

Tukakaa juu ya kinu kilicholazwa, wewe huku na mimi huku, mpaka miguu ikafa ganzi. Akatokea chini kabisa, kati ya mizizi. Nilivunjika moyo. Nilitegemea kitu chenye rangi. Huyu alikuwa na rangi ya majani makavu yaliyolowa, mkia wake tu ndio una wekundu wa kutu, na kifuani madoadoa yaliyofifia kama nguo iliyofuliwa bila kusuuzwa. Nikakuuliza jina lake. Ukasema hapa Milola hujasikia mtu akimpa jina, kwa kuwa hakuna anayemla wala anayemwogopa. Nikasema basi mimi namwita Fundi Cherehani, maana kwetu Lindi kuna fundi anayeshona barazani, na mashine yake inalia hivyo hivyo akikanyaga.

Hukuwa umesikia cherehani kwa karibu. Miaka ikapita ndipo tukaenda pamoja mjini kwa baba, nikakupitisha kwenye baraza ile. Ulisimama pale, mtandio mdomoni, ukamsikiliza fundi akishona suruali mpaka akamaliza mguu mzima, ukaniambia, "Huyu anamwiga ndege wetu." Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni, na watoto wananitazama.

Kwa hiyo tulianza kusemezana kwa sababu ya ndege. Na tukamjua, dada. Wenye macho walimwona akipita, lakini sisi tulimjua. Tulijua haji na kundi. Anakuja peke yake mvua zikishashika na kichaka kikishavaa majani. Anapenda kile kichaka kimoja, na ndani yake anapenda vijiti vyake. Hapandi juu ajionyeshe. Anaimbia ndani, mahali jua lisipofika. Akishuka chini anaruka hatua fupi, anasimama, anauinua mkia kidogo, anafunua jani kwa mdomo, anadona sisimizi au buu, anaruka tena. Tukimkaribia sana huacha wimbo, akakoroma kama chura. Akija mwingine wa jinsi yake wanagombana kutwa, mpaka mmoja anahamia bondeni. Na yule wa kwanza alikuwa na unyoya mweupe kwenye bawa, ndiyo maana tulijua ni yeye yule anayerudi kila mwaka. Mwaka mmoja akaja asiye na unyoya mweupe, akakalia vijiti vile vile. Ukasema, "Yule basi." Ukaendelea kupepeta.

Wa pili naye tukamzoea. Naye vile vile, mtama unapoanza kutoa mashuke aliacha kuimba vipande vipande, akaimba wimbo mzima, tangu asubuhi mpaka jua kali, na akanenepa hata shingo ikapotea. Halafu siku moja, kimya.

Kilichotushinda ni kiota. Ulikitafuta wewe kuliko mimi. Uliingia kwa magoti chini ya kile kichaka, ukatoka umejaa upupu, nikakupaka majivu mwili mzima huku ukinitukana. Hatukuona kiota, hatukuona yai wala kifaranga. Ndege wengine wote wa pale tuliviona viota vyao, hata vya wale wasiostahili kuitwa ndege. Cha Fundi, hakuna.

Kosa tulilofanya ni kulisema hilo kisimani. Wifi Hadija alikuwapo, na siku hiyo tulikuwa tunateka maji ya arusi. Akasema mbele ya wanawake wote, "Kumbe ni ndege mgumba! Ndiyo maana amechagua kukaa nyuma ya jiko la Somoe. Amempata mwenzake." Wakacheka. Na wewe ukacheka nao, dada, nilikuona. Ukajitwika mtungi, ukaja nyumbani, ukachukua mtama uliokwisha kutwangwa ukautwanga tena mpaka ukawa vumbi. Nilikaa karibu nikachambua mboga.

Tangu hapo jina likashika. Ndege mgumba. Hata watoto wadogo walimwita hivyo.

Na wakati huo Mwanahawa, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa amekwisha kuwa wako. Wanaosema nilikupa kwa huruma hawajui. Sikukupa. Nilikuwa na mimba ya pili, natapika asubuhi mpaka jioni, naye alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Asubuhi moja akakunja kimkeka chake, akakiburura uani mpaka mlangoni kwako, akakitandika. Nilipomfuata alinitazama kama mgeni aliyekuja kumwamsha. Wewe ukasema, "Mwache leo." Leo hiyo ikawa ndiyo maisha yake. Wewe akakuita mama, mimi akaniita mama mdogo, na sikuona kasoro. Wewe ndiye uliyemkeshea surua. Wewe ndiye uliyempiga alipomrushia Fundi jiwe.

Ulipofariki, kiangazi kile, baada ya kifua kile kisichosikia dawa, watu walijaa. Ulizikwa vizuri. Mwalimu wa msikiti alisimama kuwaambia watu habari zako, akasema ulikuwa mtu wa watu, hukuwa na ugomvi na jirani, umeacha mume, umeacha ndugu. "Mtoto hakujaaliwa." Alisema kwa upole, hakuwa na nia mbaya. Mwanahawa alikuwa amekaa pembeni yangu. Hakulia kwa sauti. Aliishika kanga yangu, akaishika mpaka ikapasuka kwenye pindo. Kanga ile ninayo, sijaishona.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Mvua ziliporudi, jumbe alipita na amri ya bwana shamba: kila kaya iongeze shamba la mihogo, na watakaochelewa wataitwa barazani. Mume wetu akatazama huku na huku, akaona ardhi iliyo karibu na nyepesi ni ile ya kichaka. Wifi Hadija akamtilia maneno, akasema kata, choma, kichaka kile ndicho kilichomfunga Somoe uzazi, kinaweza kumfunga na mwingine. Mimi nikamwambia bwana kwamba ndege bado yumo. Akaniambia, "Zaituni, ndege hali mihogo." Na kweli, watu lazima wale.

Siku zile zile mvua zilikatika kidogo, barabara ikakauka, na gari la sindano za vidonda vya buba likafika kutoka Lindi. Akina mama wakapanga mstari na watoto wao mbele ya nyumba yetu, kwa kuwa kivuli chetu ni kikubwa. Pamoja na mganga alikuwapo mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, amefunga kitambaa kichwani kama sisi, kazi yake kuchemsha sindano. Dereva alituambia si Mwingereza. Ni mkimbizi wa vita, wa nchi inayoitwa Polandi, walikaa kwanza kambini huko bara, ndiko alikookota Kiswahili chake. Waliomzoea walimwita Bibi Hanka.

Niko kwenye mstari na kitindamimba wangu, Fundi akaanza. Tok, tok, tok. Bibi Hanka akaweka beseni chini. Mganga akamwita, hakuitika. Akazunguka nyuma ya jiko lako, nikadhani anatafuta choo, nikamfuata nimwonyeshe. Nikamkuta amesimama mbele ya kichaka, viganja viwili mdomoni.

Akaniambia, "Ndege hii ya kwetu."

Nikamwambia, "Hapana, mama, huyu wetu. Kila mwaka yupo hapa."

"Kwetu," akasema tena, na kidole akakielekeza mbali, juu ya vilima, upande wa kaskazini. "Nyumba ya baba yangu, karibu mto. Imba, imba, imba. Mimi mtoto, siwezi lala!"

Nilitaka kumbishia. Kisha Fundi akatoka chini kama kawaida yake, akasimama, akauinua mkia. Bibi Hanka akautaja mkia kabla sijausema, akasema, "Hapa nyekundu kidogo." Akakoroma kama chura, dada! Akakoroma sawasawa, na Fundi akakimbia. Mtu hawezi kuijua sauti ile kwa kubahatisha.

Nikamwuliza, "Nyumba yake umeiona? Kiota?"

Alipiga magoti kwenye tope na gauni lake jeupe, akakusanya majani makavu, akayazungusha kwa vidole kwenye shina la mti, chini kabisa, ardhini, mpaka pakawa na kikombe kidogo. "Hii. Chini. Ndani, mayai." Akaonyesha shati la dereva kule penye gari, la kaki, kwamba mayai ni ya rangi ile.

"Na watoto?"

"Watoto!" Akanyoosha vidole vya mkono mzima. "Kila mwaka. Mdomo wazi, kelele, mama nakimbia na dudu, baba nakimbia na dudu."

Nikamwuliza mbona basi hapa hazai. Akasema kwao sasa hivi ni baridi, maji yanakuwa jiwe, mdudu hata mmoja hakuna, ndege akibaki atakufa. Nikasema, "Kwa hiyo anakuja kwetu kula." Akasema, "Na kwetu kuzaa." Tukatazamana, na sote wawili tukacheka kama watu waliokuwa wanatafuta mwenye kitu kilichopotea wakamwona.

Nikamweleza habari zako. Sijui alielewa kiasi gani. Alipoelewa kwamba umekufa alinishika mkono. Akaniambia naye vita viliwatoa nyumbani na watoto, na mdogo wao alimzika njiani, kando ya reli, mahali ambapo hajui jina lake. Ndege anarudi pale mtoni kwao kila mwaka, alisema, na yeye hawezi. Dereva akapiga honi. Akajipangusa magoti, akaenda kuchemsha sindano. Hakuja tena. Nimesikia wametiwa melini wakapelekwa nchi nyingine, na hiyo nayo si kwao.

Kile kiota alichokifanya kwa majani kilibaki pale siku chache, mvua ikakivunja.

Jioni ile nilimwambia bwana wakati anakula. Nilimwambia yote, mayai, rangi, watoto, baridi. Alitafuna bila kuinua uso. Mwisho akauliza, "Somoe alikuwa anajua?"

Nikasema, "Hapana."

Akanawa.

Asubuhi akanoa panga. Nilimwona akilijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, vikakatika. Tukamfuata mimi na Mwanahawa na majembe yetu, maana amri ni amri. Akafika kwenye kichaka, akasimama. Fundi yuko ndani anashona. Bwana akasimama muda mrefu, mgongo kwetu. Halafu akageuka, akasema, "Panga halina makali," akapita katikati yetu, akapanda kule mlimani kwenye visiki. Dada, ardhi ile unaijua. Tuling'oa visiki mpaka viganja vikachubuka, na ndiko alikoliumiza goti. Lakini mihogo imeota. Jumbe alikuja akaangalia, akaondoka bila kutuita barazani. Bwana hajalitaja jambo lile mpaka leo, wala mimi sijamwuliza. Nilikuwa nafikiri amekusahau upesi.

Wifi Hadija nilimwambia kisimani. Nilichagua pale makusudi, wanawake wakiwa wamejaa. Nikasema, "Wifi, yule ndege ana watoto."

Akacheka. "Kakwambia nani?"

"Aliyekiona kiota chake. Anazaa kwao, kila mwaka, mkono mzima."

Akauliza hili na lile, akitafuta pa kunishika. Sikumpa nafasi, nilijibu yote. Akajaza mtungi mpaka ukafurika miguuni. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaizoea kwake, "Mbona basi sisi hatukujua?"

Nikamwambia, "Hatujafika kwao."

Akajitwika mtungi, akaondoka. Nilidhani yameishia pale.

Baada ya mavuno Mwanahawa aliolewa. Mume wake kijana wa Njinjo, alikuwa akikata mkonge huku Lindi, mtulivu, anasali. Amemchukua kwao. Nilimfungia vyombo vyako vya udongo vyote isipokuwa chungu kimoja nilichobaki nacho. Kisha kiangazi kikaingia, mwaka wako ukatimia, tukaandaa hitima. Mwanahawa alikuja kutoka Njinjo, safari ya malori na miguu, akafika amejaa vumbi.

Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake uani nyuma ya ukuta wa makuti. Kisomo kilipokwisha, mwalimu akaanza kukutaja kabla ya dua, kama siku ile. Ameacha mume. Ameacha ndugu. "Mtoto hakuja..."

"Anaye!"

Sauti ilitoka upande wetu. Wanawake tukageukiana. Wifi Hadija alikuwa amesimama, ameshikilia makuti ya ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka. "Anaye, mwalimu. Mwanahawa ni wake. Kamlea tangu alipoacha ziwa. Sema hivyo."

Nikasikia mtu akikohoa barazani, na nadhani alikuwa bwana. Halafu mwalimu akasema, "Basi, ameacha binti, Mwanahawa," na akaomba dua, na watu wote wakaitikia amina. Mwanahawa alinilalia begani akalia, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Wifi Hadija alikaa chini, akaanza kupakua wali kama vile hakuna kilichotokea, akawagombeza wasichana kwamba sinia hazijakauka.

Ndiyo habari niliyotaka uipate, dada. Ningependa ungeisikia ukiwa umekaa juu ya kinu. Haikuwa.

Mvua zimeanza juzi. Nina shamba la kupanda, na mtoto ananililia hapa miguuni, kwa hiyo nikuage. Lala vyema, Dada Somoe. Mola akupanulie mahali pako, akutie nuru.

Na moja nakuahidi. Mwanahawa ana mimba. Njinjo ni mbali na mimi naogopa malori, unanijua. Lakini siku zake zikikaribia nitakwenda, nitakaa naye arobaini nzima, nimchemshie maji, nimkande, nimpokee mtoto anapolia ili yeye asinzie. Nitalala chini, mlangoni kwake, kama ulivyolala mlangoni kwangu nilipomzaa yeye, wakati tulipokuwa bado hatujazoeana sana.

Mdogo wako,
Zaituni